Haki ya Herufi Tano

Mume wangu alipooa mke wa pili, sikupiga kelele. Majirani wa mtaa wetu hapa Kasongo walikuja kunitazama jinsi watu wanavyokwenda kutazama nyumba iliyoezuliwa na upepo, wakanikuta nachagua mchele. Wakakaa, wakasubiri machozi, wakachoka, wakaenda zao. Walikuwa wamechelewa. Nilikwisha kulia zile siku alizokuwa bado anatafuta maneno ya kuniambia, anakohoa mlangoni kisha anarudi uani kuangalia kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Mimi ni mtoto wa wakulima Wakristo, watu wa karanga na mihogo. Nilisoma kwa masista, Kiingereza kikiwamo, mpaka nikapata diploma, halafu nikampenda Mwislamu, nikasilimu. Nilipokwenda shambani kumlilia mama, hakuacha kupalilia. "Ulipenda boga," akasema, "penda na ua lake." Nikachukua jembe la pili nikapalilia naye mpaka jua likawa kali.

Mke mwenzangu alitoka Wamaza. Angekuwa msichana mdogo mwenye kiuno cha nyigu, ningejua namna ya kumdharau. Lakini alikuwa mtu mzima wa umri wangu, mjane, mikono migumu, aliyezoea kubeba bidhaa mpaka kwenye machimbo ya dhahabu na kuwauzia wachimbaji sabuni, betri, sigara na dawa. Mume wangu alikuwa amekwenda Kabambare kusimamia mitihani. Wakati wa kurudi pikipiki ikaharibika karibu na Wamaza, mvua ikanyesha, na mwanamke huyo ndiye aliyewapa mume wangu na dereva wake pa kujikinga na sahani ya wali. "Alituchekesha sana," mume wangu aliniambia alipofika nyumbani, matope mpaka magotini. Wakati ule nilifurahi kwamba amekula.

Kosa la mume wangu, kama ni kosa, ni kwamba ni mtu wa haki. Amesikia msikitini kwamba mwanamume anayemwelemea mke mmoja atafufuliwa ubavu mmoja umelegea, na tangu aoe wa pili anatembea kama mtu aliyekwisha kuanza kujichunguza ubavu. Nyumba yangu iko huku karibu na shule, ya mwenzangu iko ng'ambo ya soko. Siku mbili kwangu, siku mbili kule. Akininunulia kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, mwenzangu anapata kikwembe cha rangi ileile, hata tukikutana sokoni tunafanana kama wanakwaya. Samaki wa mto Lualaba akinunuliwa mzima, anakatwa kati, na kichwa kina zamu: leo kimekuja kwangu, safari ijayo kinakwenda kule. Hata chumvi aliipima kwa glasi moja. Watu walimsifu. Mimi pia nilimsifu mbele za watu, kisha nikaingia ndani nikapiga sufuria kwa mwiko.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa kikwembe wala samaki.

Mume wangu ni mwalimu wa Kiingereza. Kwetu Kiingereza si lugha ya mtu. Kifaransa ni cha ofisi, Kiswahili ni cha soko na nyumba, Kizimba ni cha wazee; Kiingereza ni cha maandishi ya magunia na fulana. Tulipooana, shule yake haikuwa na vitabu, na kamusi yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Kwa hiyo akirudi alasiri, baada ya kuswali, alikuwa anakaa kwenye kiti cha kamba uani na kuandaa masomo ya kesho kwa kichwa. Alipenda kuwafundisha wanafunzi maneno kwa mafungu, yale yanayolingana urefu na kuishia sawa, kwa sababu alisema mtoto akishika moja anavuta mengine, kama karanga zinavyotoka na mizizi yake. Mimi nilikuwa napembua mchele pembeni. Siku moja akasema, "Herufi tano, mwisho -ight." Sikuinua kichwa. Nikasema, "Light." Yeye akasema, "Night." Nikasema, "Right." Akasema, "Fight." Tukaendelea hivyo mpaka akakwama, akacheka, akainuka mwenyewe kunimiminia chai.

Ikawa desturi yetu. Anataja mwisho, tunapokezana neno kwa neno, anayekwama kwanza anamimina chai. Watoto walizaliwa, wakakua, mchezo ukabaki. Walipotaka kuingia tuliwafukuza. Haukuwa mchezo wa watoto.

Naona msomaji anauliza, maneno ya Kiingereza yanamfaa nini mwanamke anayepembua mchele? Basi nieleze. Mume wangu si mtu wa kuzungumza. Ametoka katika ukoo ambao wanaume wakipendwa wanasema "ahsante" na wakiumizwa wanasema "ahsante". Mwaka mmoja aliniudhi vibaya mbele ya ndugu zake, sitasema kwa nini, na hatukuongea kwa siku kadhaa. Alasiri moja akakaa kwenye kiti chake na kusema, "Herufi tano, mwisho -orry." Nikamwelewa palepale. Maneno ya fungu hilo ninayoyajua ni matatu tu. Nikasema, "Lorry," yaani lori, ili asubiri. Akasubiri. Hakusema lake. Nikasema, "Worry," wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nao. Hapo likabaki moja, na ilikuwa zamu yake. "Sorry," akasema mume wangu, akitazama miguu yake. Hakuna siku nyingine katika maisha yetu aliyoniomba radhi kwa lugha yoyote.

Ndiyo maana niliweza kuchagua mchele siku ya ndoa ya pili. Nilijiambia: atampa kitanda, atampa kikwembe, atampa kichwa cha samaki. Lakini uani kwangu, alasiri, kuna kiti cha kamba ambacho yule hawezi kukikalia.

Siku moja, zamu ikiwa ya kule, nilitoka msibani nikapita njia ya sokoni. Ua wa nyumba ya mwenzangu ni wa matete, unaficha watu lakini haufichi sauti. Nikasikia sauti ya mume wangu, ile ya alasiri, iliyokwisha kuvua viatu: "Herufi tano. Mwisho, -ight."

Halafu sauti ya mwanamke, inatafuta, inajikwaa: "Na... night?"

"Ndiyo hiyo!" akasema mume wangu, na akapiga makofi.

Nilisimama njiani na sahani yangu tupu ya msibani. Mwendesha baiskeli mwenye madumu ya mafuta ya mawese alinipigia kengele nisogee, nikamtazama kwa namna iliyomfanya apite kwenye majani. Nilikuwa sijawahi kuona wivu. Nilidhani nimeuona, siku za kulia, lakini ule ulikuwa huzuni tu. Wivu ulikuja pale, kwenye ua wa matete, nao ulianzia kwenye meno. Mimi hakuwahi kunipigia makofi.

Alipokuja kwangu kwa zamu yangu, sikumpa hata nafasi ya kunawa.

"Ule muchezo ni wangu," nikamwambia.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Muchezo gani?"

"Wa maneno. Nilikusikia kule kwa mwenzangu. Makofi na yote."

Akakaa. Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Niliona unafurahi nayo sana," akasema. "Nikawaza, huyu anapata saa nzima ya furaha kila alasiri, na yule mwengine hapati. Kesho Mungu akiniuliza, nitamujibu nini?"

"Mungu anahesabu mpaka Kingereza?"

"Anahesabu yote," akasema, kwa unyenyekevu uliofanya nitake kumrushia ungo.

Hebu fikiria kuolewa na mtu wa namna hiyo. Mwizi unamshika mkono. Mwongo unamfunga kwa maneno yake. Mtu wa haki unamfanya nini? Niliwaza kumweleza kwamba haki si kumpa kila mtu kitu kilekile, haki ni kumwachia kila mtu kilicho chake. Lakini nilipofungua mdomo yalitoka maneno mengine kabisa. "Yule anajua night tu," nikasema. "Hata mbuzi anajua night."

"Anajitahidi," akasema. "Jana alipata manne."

Basi nikaingia mashindanoni. Sikuwa na haya. Nilianza kuwinda maneno kwa mchana kutwa ili alasiri nimzike yule wa Wamaza kwa wingi. Niliyatafuta kwenye makopo ya maziwa na kwenye magunia ya unga. Sokoni nilikuwa natazama vifua vya watu, maana fulana za mitumba zina Kiingereza kingi kuliko shule, na wanaume wawili walianza kunisalimia kwa heshima ya kutia shaka. Kuna kijana wa pikipiki nilimfuata kutoka kwenye duka la dawa mpaka karibu na msikiti kwa sababu mgongoni ameandikwa POWER, na mimi nilitaka kuona kama chini yake kuna neno jingine la mwisho huohuo. Hakukuwa na neno jingine. Aligeuka akaniuliza, "Mama, tunaenda wapi?" Nikamwambia nimefananisha.

Alasiri nilimwaga maneno kama mtu anayemwaga mahindi. Mume wangu alifurahi, alimimina chai kila zamu yangu, lakini hakunipigia makofi. Nilikuwa mjuzi. Anayepigiwa makofi ni anayejifunza. Nilipolitambua hilo, wivu ulipanda ghorofa ya pili.

Nikaenda kumshitaki kwa dada yake mkubwa.

Katika ukoo wao, mashauri ya wake hayaendi kwa wazee wa kiume, yanaamuliwa uani kwa huyo dada. Ni mwanamke mnene, mpole wa sura, mkali wa hukumu, na anapika maandazi wakati akisikiliza ili asipoteze muda. Alituita sote watatu. Nilikaa kwenye mkeka upande mmoja, mwenzangu upande wa pili, tumevaa vikwembe vilevile, mume wetu katikati kabisa, hakuelemea popote.

"Alikunyima chakula?" dada akaniuliza.

"Hapana, wifi."

"Nguo?"

"Hapana."

"Aliruka siku yako?"

"Hapana."

"Sasa mashitaka iko wapi?"

"Alichukua kitu yangu akaipeleka kwa mwenzangu."

"Kitu gani?"

Niliona ndoo ya unga, mafuta yanayochemka, kuku anayepita, dunia yenye vitu vya kweli. "Maneno," nikasema.

"Maneno gani?"

"Ya Kingereza."

Wifi akageuza andazi. Akamtazama ndugu yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye andazi. Mume wangu akaeleza mchezo wote, kwa utaratibu, kana kwamba yuko mbele ya darasa, pamoja na mifano. Alipomaliza, dada yake hakucheka. Ndiyo maana watu wanampelekea mashauri.

"Na weye," akamuuliza mwenzangu, "ile muchezo unaitaka?"

Mwenzangu alikuwa amekaa muda wote, mikono mapajani. "Miye?" akasema. "Wifi, miye nilifikiri ni kazi."

"Kazi namna gani?"

"Kazi ya muke wa mwalimu. Kama kufua suruali yake, kama kupiga pasi. Nilisema, sawa, kila nyumba iko na kazi yake. Watu wa dhahabu wanaosha muchanga, watu wa masomo wanaosha maneno. Nilikuwa ninajikaza tu. Ninapika na ight kichwani, ninafagia na ight kichwani. Sikujua ni ya kufurahisha." Akanigeukia na kuniita yaya, dada mkubwa. Hakuwa na kejeli hata kidogo, na ningempa chochote awe nayo. "Yaya, kama ni yako, chukua. Yote."

Wifi akaamua palepale: mchezo ni wa nyumba kubwa, mashitaka yamekwisha, kila mtu achukue andazi. Mume wangu aliinamisha kichwa kukubali. Nilitembea kurudi nyumbani nimeshinda. Lakini kila nilipotafuna andazi nilikuwa naona jinsi yule alivyonirudishia kitu changu, kama mtu anayerudisha ungo wa jirani, bila hata kuutazama mara ya mwisho. Mimi niliacha dini ya wazazi wangu kwa mtu huyu, na kitu nilichokithamini kuliko vyote nyumbani mwake, mwenzangu alikuwa anafagia nacho.

Zamu yangu ilipofika, niliandaa chai mapema. Nilimwekea kiti cha kamba, nikachukua mchele wangu, nikakaa. Mume wangu akaswali, akaja, akaketi. Akatazama kuku.

"Leo mwisho gani?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Ile muchezo imekwisha. Kule sitoi tena. Nisipotoa kule, hapa nitatoa namna gani?" Akasema kwa upole, na niliona kwamba na yeye imemuuma. "Haki ni haki, mama watoto."

"Lakini wifi alisema ni yangu!"

"Alisema ni yako. Hakusema mimi nimekuwa bwana yako peke yako."

Tukakaa. Nilimuuliza habari za shule, akasema nzuri. Akaniuliza kama mchele una mawe, nikasema machache. Chai ikapoa. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na zamu iliyofuata vilevile. Ndipo nikajua kwamba mimi na mume wangu tulikuwa hatujui kuzungumza. Miaka yote tulikuwa tumeongea kwa herufi tano, na zilipoondolewa tulibaki watu wawili wazima wanaotazama kuku.

Siku moja nikashindwa kujizuia. "Na kule kwa mwenzangu, saa hii, munafanya nini?"

"Tunazungumza tu," akasema.

Tunazungumza tu! Alisema kama mtu anayesema tunakunywa maji. Nikamuuliza wanazungumza nini. Akasema mwenzangu anamhadithia mambo ya machimboni: mchimbaji aliyeficha chembe ya dhahabu kwenye jino bovu kisha akaimeza na maharagwe, mama aliyewauzia askari sabuni iliyochongwa kwa muhogo. Akaanza kucheka kwa kukumbuka, mabega yakamtikisika, na nilipomtazama nikaona anacheka akiwa kwangu, kwa zamu yangu, kwenye kiti changu, kwa mambo ya kule. Roho iliniuma mpaka nikamwaga mchele uliopembuliwa kwenye ule ambao haujapembuliwa.

Nilikaa na hilo muda. Kisha asubuhi moja, wanafunzi wakiwa wamekwisha kuingia darasani na mume wetu pamoja nao, nilijifunga kikwembe kingine, kisichofanana, nikaenda ng'ambo ya soko.

Nilimkuta anatwanga sombe. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaendelea kutwanga kwa sababu majani ya muhogo hayangoji mgeni. Nilizunguka sana kabla ya kusema nilichokuja nacho. Nilisifu ua wake. Nilisifu kinu.

"Yaya," akasema mwishowe, "umekuya kusema nini?"

"Nataka ucheze tena."

Mchi ukabaki juu. "Ile muchezo?"

"Ndiyo."

"Ulikuya kuitafuta mbele ya wifi, nikakupa. Sasa unairudisha?"

Nikamweleza. Ilibidi nimweleze yote, kwamba asipocheza yeye sichezi mimi, kwamba alasiri zangu zimekuwa bubu. Sijui kama umewahi kumwomba mke mwenza akusaidie kupendwa. Maneno yanatoka, lakini shingo inabaki nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakunicheka, naye ana kipaji cha kucheka.

"Miye sijue ile maneno," akasema.

"Nitakufundisha. Asubuhi, kabla ya zamu yako. Machache tu, ya kutosha."

Akatwanga kidogo, akifikiri. Kisha akasema, kwa moyo mweupe, nami nauamini mpaka leo ulikuwa mweupe: "Basi na miye nitakupa hadithi za machimbo. Utamuhadithia kwako. Itakuwa haki."

Nikaona mbele yangu alasiri ambayo ninamhadithia mume wangu kuhusu jino bovu na dhahabu, naye anacheka kwa adabu, akikumbuka ilivyohadithiwa kule. "Hapana," nikamwambia. "Hizo ni zako, kaa nazo." Akashangaa, akasema ahsante yaya, akaniwekea sombe kwenye bakuli nipeleke nyumbani.

Basi mchezo ukarudi, kwake na kwangu, na mtu wa haki akapata amani. Mimi nikawa mwalimu wa mke mwenza. Nilikuwa nakwenda asubuhi, namtajia mwisho wa fungu, nampa maneno, anayarudia akiwa anamenya muhogo au anaosha vyombo. Ana kichwa kizuri, sitasema uongo. Na alasiri za zamu yake nilikuwa nakaa kwangu bila mchele, bila kazi, kwa sababu nilijua saa ileile, ng'ambo ya soko, maneno yangu yanatoka kinywani mwake na makofi anapigiwa yeye. Watu wanasema wivu ni wa mtu asiyejua kinachoendelea. Mimi nilikuwa najua kila neno, na mpangilio wake.

Kwa hiyo nilijiwekea dawa. Katika kila fungu, nilimfundisha yote niliyoyajua isipokuwa moja. Katika -ight nilimnyima eight, nane, ambalo watu hawalikumbuki kwa sababu linaanza kwa irabu, bila kugonga. Katika -atch nilimnyima hatch, kuangua, ingawa kuku wake walikuwa wanaangua mbele yetu. Neno hilo moja nililihifadhi kwa zamu yangu, nikalisema la mwisho, na mume wangu akasema kila mara, "Ile mwenzako hakuipata." Hakupiga makofi. Lakini sentensi hiyo ilikuwa yangu, haikukatwa kati, na kule ng'ambo hakuna aliyewahi kuisikia. Niliishi kwayo. Nilianza hata kumpenda kidogo yule mwanamke, jinsi unavyompenda mtu ambaye umemshinda naye hajui.

Juma lililopita fungu lilikuwa -ound. Nilimfundisha sound, sauti; round, duara; found, kupatikana; pound, kutwanga, ambalo lilimfurahisha kwa sababu ya kinu chake; bound, kufungwa; mound, kichuguu. Nikaweka moja.

Zamu yangu ikaja. Mume wangu akaswali, akaketi, akataja mwisho. Tukapokezana bila haraka, jua limepoa, watoto wako mtoni. Yakaisha yote tuliyoyazoea, akanyamaza. Nilidhani amekwama. Akaegemea kiti akanitazama kwa wema, akiniachia nafasi.

"Wound," nikasema polepole, ili nisikie utamu wake, na nikangoja sentensi yangu.

Uso wake ukang'aa. "Ile mwenzako aliipata jana!" akasema. "Peke yake. Ilikuwa imeandikwa kwenye chupa za dawa, zile alikuwa anauzia watu wa machimbo." Kisha akainama mbele, na kwa ule upole wake wa darasani akanieleza na maana yake, kama mtu asiyedhani kwamba ninaijua.

"Ni kidonda," akasema.